Ng'ombe, Misumeno na Hifadhi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lindi na Mtwara

Kiangazi kikishika, majani yakikauka na visima vikipungua, hoja moja hurudi kwenye mikutano ya vijiji vya Liwale, Kilwa, Nachingwea na Nanyumbu: pori lote lile limelala, kwa nini mifugo isiingie, na kwa nini miti iliyokomaa isivunwe? Hapa tumekusanya maswali yanayojirudia na kuyajibu kwa kadiri ya sheria na hali halisi ya kusini. Msimamo wetu tunausema mapema ili msomaji ajue anazungumza na nani: hatuungi mkono kufungua hifadhi za taifa kwa malisho wala kwa magogo. Tunachokipigania ni wananchi kuulizwa ipasavyo, na vijiji kutumia mamlaka makubwa ambayo tayari vinayo juu ya ardhi yao.

Ni maeneo gani hasa yanayobishaniwa?

Hapa ndipo ubishi mwingi unapoanzia, kwa sababu watu wawili hubishana saa nzima kumbe kila mmoja anazungumzia pori lake. Lindi na Mtwara kuna maeneo ya aina tano, na kila aina ina mwenyewe na sheria yake.

Kwanza ni hifadhi ya taifa, iliyo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Kwetu ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba Selous mwaka 2019. Ina kilomita za mraba 30,893 na inagusa mikoa ya Lindi, Pwani, Morogoro na Ruvuma. Pili ni mapori ya akiba, yaliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA: sehemu ya Selous iliyobaki, pamoja na Lukwika-Lumesule na Msanjesi upande wa Mtwara. Tatu ni misitu ya hifadhi ya serikali inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, au halmashauri, kama Rondo. Nne ni maeneo ya jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, kama Magingo kule Liwale, ambayo ni ardhi ya vijiji iliyotengwa na vijiji vyenyewe. Tano ni misitu ya hifadhi ya vijiji, kama Angai wilayani Liwale, wenye takribani hekta 139,000, na ule wa Nanjirinji wilayani Kilwa unaozidi hekta 60,000.

Kwenye aina mbili za mwisho kijiji ndicho mwenye kauli. Mtu anayesema "serikali imetufungia pori" akiwa amesimama ukingoni mwa Angai anailaumu serikali kwa jambo ambalo mkutano mkuu wa kijiji chake unaweza kulijadili kesho kutwa.

Sheria ya sasa inasemaje kuhusu malisho na uvunaji?

Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuchunga, kulima, kukata miti wala kuishi. Ndani ya pori la akiba, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuchunga mifugo waziwazi. Misitu ya hifadhi ya serikali iko chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002: uvunaji unawezekana kwa mpango na kibali, ila msitu ukipandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, uvunaji wa magogo unasimama. Jumuiya za wanyamapori hufuata mpango wao wa kanda: kanda moja inaweza kuruhusu malisho, nyingine ikawa ya wanyama peke yao. Msitu wa kijiji hufuata mpango wa usimamizi na sheria ndogo za kijiji.

Nani ana uwezo wa kufungua hifadhi ya taifa?

Si mkuu wa wilaya, si mkuu wa mkoa, na wala si mhifadhi mkuu. Hifadhi ya taifa hutangazwa na Rais kwa ridhaa ya Bunge, na kubadili mipaka yake kunapitia huko huko. Kuruhusu ng'ombe ndani ya mipaka iliyopo kungehitaji kubadili sheria yenyewe. Kwa hiyo kiongozi anayewaambia wananchi kwenye kampeni kwamba "mkinichagua nitafungua pori" anaahidi kitu kisichokuwa mkononi mwake. Mwulizeni atapeleka muswada gani bungeni, na lini.

Lakini mwaka 2019 serikali si iligawa maeneo ya hifadhi?

Ilichofanya ni hiki: Januari 2019 Rais Magufuli alisimamisha uondoaji wa vijiji vilivyokuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, kamati ya mawaziri ikaundwa, na baadaye mwaka huo ikatangazwa kwamba vijiji 920 kati ya 975 vilivyokuwa na mgogoro vitabaki. Pia baadhi ya mapori na misitu iliyoonekana kupoteza hadhi yake ilielekezwa ifutwe ili wakulima na wafugaji wapate ardhi. Hilo ni tofauti kabisa na kuruhusu malisho ndani ya hifadhi inayoendelea kuwa hifadhi. Wengi wamebaki na kumbukumbu ya uamuzi ule kana kwamba mlango uliachwa wazi, na hivyo familia nyingine zimepeleka mifugo mbele ya bikoni, yaani nguzo za mpaka wa hifadhi, zikitegemea kuhalalishwa baadaye. Nyingi zimepoteza mifugo kwa tegemeo hilo.

Wananchi wenyewe wanataka nini?

Hakuna sauti moja, na anayesema "wananchi wa Lindi wanataka hivi" hajakaa nao vya kutosha.

Mfugaji akisema hifadhi ifunguliwe, msikilize mpaka mwisho. Kwa kawaida shida yake ni ya miezi michache, Septemba hadi Novemba, na shida yenyewe ni maji zaidi ya majani. Masika hana haja ya kukaribia bikoni. Akipata lambo linalofika Desemba, hoja yake ya hifadhi inapoa.

Mkulima wa ufuta au korosho naye anaweza kunyanyua mkono kuunga mkono malisho hifadhini, kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ya mfugaji. Anataka ng'ombe waondoke kwake. Ufuta unavunwa kuanzia mwezi wa tano, matita yanasimamishwa shambani yakauke, na kundi la ng'ombe likipita mara moja tu mbegu yote iko chini. Kwenye mikorosho ni msimu wa mavuno: ng'ombe hula mabibo pamoja na korosho zilizoanguka, na hukanyaga miche michanga. Mtu huyu akisema "waende huko porini", anatafuta usalama wa shamba lake, na angeridhika vilevile na njia ya mifugo yenye mipaka.

Wapasua mbao wamegawanyika. Mwenye leseni anayenunua kwenye msitu wa kijiji anaogopa hifadhi zikifunguliwa bei ya mninga na mkongo itaanguka. Asiye na leseni anaona fursa. Wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji wengi wao ni wapinzani wakali wa kufungua, kwa kuwa wameona mapato ya msitu yakijenga vitu vinavyoonekana. Na wapo waliochoshwa na tembo kiasi kwamba wangependa pori liishe kabisa. Hasira yao ina sababu, na kuwaita maadui wa uhifadhi ni kuwakosea.

Kuna jambo moja tunaliomba kwa msisitizo. Mjadala huu huteleza upesi ukawa wa makabila: mwenyeji dhidi ya mgeni, Mwera au Mngindo dhidi ya Msukuma au Mmang'ati. Ukishafika hapo hakuna mpango wa ardhi utakaopita mkutanoni, maana kila mstari wa ramani unasomwa kama ushindi wa kabila fulani. Viongozi wa mkutano wakate maneno hayo yanapoanza.

Kijiji kinaweza kupima maoni yake chenyewe? Kwa utaratibu gani?

Kinaweza, na gharama yake ni ndogo. Kunyoosha mikono mkutanoni hakutoshi: mwenye deni kwa mfugaji hatanyoosha mkono mbele yake, na wanawake wengi hukaa nyuma wakasikiliza tu.

Anza na daftari la wakazi la kila kitongoji. Tuseme kijiji kina kaya 600. Kanuni inayotumika sana ni kugawa idadi ya kaya kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara kosa linalovumilika likizidishwa kwa lenyewe. Ukikubali kosa la asilimia 10, 600 zinagawanywa kwa 7, unapata kaya 86. Ukitaka kosa la asilimia 5 utahitaji kaya 240. Kwa uamuzi wa kijiji, 86 zinafaa kuanzia. Gawa 600 kwa 86: ni kila kaya ya saba. Andika namba 1 hadi 7 kwenye vikaratasi, okota kimoja. Ukipata 3, unaanza na kaya ya tatu, kisha ya kumi, ya kumi na saba, hadi mwisho wa daftari. Kaya moja mhoji mwanamume, inayofuata mwanamke, wote wa miaka 18 au zaidi.

Wahojaji watoke kijiji kingine. Mtendaji, mgambo na askari wa uhifadhi wasiwepo.

Sasa mahali ambapo upimaji huu huharibika kusini. Kati ya kupanda na kuvuna, watu wengi hawako nyumbani. Wako mashambani wakilala kwenye madungu kulinda mazao dhidi ya tembo, nguruwe na ngedere. Ukihoji waliopo kijijini tu, umewaacha nje wale wanaoathirika zaidi na unachokipima. Kaya iliyofungwa irudiwe mara mbili, na mara ya tatu mfuateni shambani. Msimchukue jirani yake badala yake.

Swali nalo lina uzito wake. "Je, unakubali pori lifunguliwe kwa maendeleo ya wananchi?" ni swali lililokwisha kujijibu. Taja eneo kwa jina, taja shughuli, na uweke machaguo: "Ng'ombe waruhusiwe kuchunga ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka mzima, kiangazi tu, au wasiruhusiwe kabisa?" Swali la miti liwe peke yake. Halafu ongeza la tatu ambalo wengi hulisahau: "Wakiruhusiwa, wawe ng'ombe wa kijiji hiki tu au wa popote?" Hifadhi ya taifa ni ya Watanzania wote, ikifunguliwa haitafunguliwa kwa Liwale peke yake. Mhojiwa akilitambua hilo, jibu lake la kwanza linaweza kubadilika. Andikeni yote mawili.

Mbona miti ilikatwa ndani ya Selous kwa ajili ya bwawa, halafu sisi tunakatazwa kukata hata mninga mmoja?

Swali hili ni la haki, na kulikwepa kumeharibu imani ya wananchi. Mwaka 2018 TFS ilitangaza zabuni ya kukata miti iliyokadiriwa kufika milioni 2.6 kwenye eneo la Selous lililotarajiwa kufunikwa na maji ya Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa umeme wa megawati 2,115. Sababu iliyotolewa ni kwamba eneo lile lingezama, na miti ikiachwa majini inaoza. Selous ni Urithi wa Dunia tangu 1982, na UNESCO ilipinga mradi.

Mtu anaweza kuunga mkono umeme na bado akaona kwamba ukataji ule uliwapa watu hoja nzito. Jibu letu ni kwamba ule ulikuwa ukataji wa mara moja kwa eneo linalogeuzwa kuwa ziwa. Biashara ya kudumu ya magogo hifadhini ni kitu kingine: inahitaji barabara, kambi, malori na soko, na kila barabara ya magogo huwa njia ya jangili baada ya miaka miwili au mitatu.

Ngorongoro kuna ng'ombe, na Ulaya pia. Kwa nini sisi tusiige?

Ngorongoro haijawahi kuwa sawa na hifadhi za TANAPA. Ina sheria yake na mamlaka yake tangu 1959, ilipotenganishwa na Serengeti ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Mvutano wa miaka ya karibuni juu ya kuwahamisha wakazi kwenda Msomera mkoani Tanga unaonyesha kwamba hata huko jambo halijatulia.

Uingereza nako, hifadhi ya Lake District ina mashamba, vijiji na kondoo ndani yake, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi yenyewe ni mali ya watu binafsi tangu zamani. Marekani hutenganisha mbuga za taifa na misitu ya taifa: malisho ya vibali na uvunaji wa miti viko zaidi kwenye misitu. Australia, jimbo la Victoria liliwaondoa ng'ombe kwenye Hifadhi ya Taifa ya Alpine mwaka 2005. Serikali ya jimbo iliyofuata ikawarudisha mwaka 2011 kwa jina la majaribio, na serikali kuu ikazuia. Huko ubishi ulikuwa juu ya udongo laini wa milimani na vyanzo vya maji. Kwetu ubishi una mambo mawili ambayo hawana: ndorobo, yaani mbung'o, na tembo.

Mifugo ilifikaje Lindi, mkoa usiokuwa wa wafugaji?

Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji bonde la Usangu na Ihefu wilayani Mbarali, na Lindi ikawa miongoni mwa mikoa iliyoelekezwa kuwapokea. Mifugo ilitangulia, majosho, malambo na njia za mifugo vikabaki nyuma. Migogoro mingi ya leo inatokana na mpangilio huo uliokaa kichwa chini, zaidi ya tabia ya mtu yeyote.

Majani ya hifadhini ni mengi. Ng'ombe si watanenepa?

Pori la miombo hudanganya macho. Majani yake masika ni marefu na mabichi, lakini ifikapo Agosti yamebaki makapi yenye protini kidogo sana. Ng'ombe anajaza tumbo huku akikonda. Ndiyo maana wachungaji huchoma moto ili yachipue, na moto wa Septemba au Oktoba huua miche ya miti na kuruka mipaka hadi kwenye mikorosho ya watu. Uchomaji wa mapema, mwezi wa sita majani yakiwa hayajakauka sawasawa, hauna madhara makubwa kiasi hicho, ila nao unahitaji barabara ya kuzuia moto na watu wa kuusimamia.

Kisha kuna ndorobo. Selous na mapori yanayoizunguka ni makao yake. Wanyamapori hubeba vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, bila kuugua. Ng'ombe huvipata akiumwa na ndorobo, huanza homa, tezi huvimba, manyoya husimama, hutupa mimba, na hufa akiwa mifupa. Dawa ya diminazini hutibu na isometamidiamu hukinga kwa miezi miwili hadi mitatu, lakini wengi huchoma sindano kwa kukadiria uzito kwa macho, dozi ikapungua, na vimelea vikazoea dawa. Tumia utepe wa kupimia kifua kupata uzito. Nyati nao hubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo, na mlipuko ukitokea minada hufungwa. Mfugaji anayesukuma kundi lake hifadhini kutafuta unafuu anaweza kuishia na gharama ya dawa inayozidi thamani ya majani aliyopata.

Kijiji chetu kimetenga eneo la malisho. Kinaweza kubeba ng'ombe wangapi?

Piga hesabu kabla ya kupokea mtu. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hula chakula kikavu cha karibu asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na robo. Kwa mwaka ni takribani tani 2.3. Tuseme hekta moja ya nyanda zenu inatoa tani 2 za majani makavu kwa mwaka. Hamwezi kulisha zote: lazima sehemu ibaki kulinda udongo na kuchipua tena. Mkitumia nusu, kila ng'ombe anahitaji hekta 2.3, mkitumia theluthi moja, ambayo ni salama zaidi, anahitaji karibu hekta 3.5. Eneo la hekta 1,200 basi litabeba kati ya ng'ombe 340 na 520. Mbuzi kumi hesabuni kama ng'ombe mmoja.

Mavuno ya majani mnaweza kuyapima wenyewe. Mwisho wa masika chagueni sehemu 20 bila kupendelea, kateni majani ya mita moja ya mraba kila sehemu, yakausheni kabisa, mpime. Wastani wa gramu 200 kwa mita ya mraba ndio tani 2 kwa hekta.

Maji sasa. Ng'ombe mmoja kiangazi anahitaji kama lita 30 kwa siku. Ng'ombe 400 kwa siku 180 ni lita 2,160,000, sawa na mita za ujazo 2,160. Jua peke yake huondoa kina cha karibu mita moja kwa muda huo, bado maji yanayozama ardhini. Lambo la kina cha mita moja na nusu, ambalo huchimbwa mara nyingi kwa kuokoa fedha, hukauka kabla ya Oktoba, na ng'ombe wanaelekea mtoni au hifadhini. Chimbeni mita 3 au zaidi, mahali penye udongo wa mfinyanzi, wekeni uzio, na mnyweshee kwenye birika nje ya lambo. Ng'ombe wakiingia ndani, kingo zinabomoka na tope linajaa ndani ya misimu michache.

Mpango wa matumizi ya ardhi unafuata hatua gani, na kwa nini mingi imekufa?

Msingi ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007. Hatua zinazotumika ni sita: maandalizi ngazi ya wilaya, tathmini shirikishi ya kijiji, upimaji wa mipaka na uchoraji wa ramani ya matumizi yaliyopo, kupanga matumizi na kutunga sheria ndogo, utoaji wa hatimiliki za kimila, kisha usimamizi wa utekelezaji. Mkutano mkuu wa kijiji huidhinisha, halmashauri ya wilaya hupitisha sheria ndogo.

Mipango hufa kwenye hatua ya tatu na ya nne. Ya tatu, kwa sababu mpaka na kijiji jirani haukumalizwa. Mkitenga malisho kwenye kipande ambacho jirani anadai ni chake, mmetengeneza vita. Ya nne, kwa sababu sheria ndogo ziliandikwa zikabaki kabatini bila kupitishwa wilayani, na hakimu hawezi kumtoza mtu faini kwa karatasi isiyopitishwa. Nyingine hufa kwa sababu wafugaji hawakualikwa wakati wa kuchora ramani. Wao ndio wanaojua ng'ombe hupita wapi. Mkiwachorea njia ya mifugo isiyofika kwenye maji, wataiacha siku ya kwanza.

Vijiji vya Liwale, Nachingwea na Nanyumbu visisahau ushoroba wa Selous na Niassa, unaopitisha tembo kati ya Tanzania na Msumbiji. Shamba au boma likikaa katikati ya njia hiyo, hasara ni ya kila mwaka.

Na miti je? Kijiji kinawezaje kuvuna kihalali bila kugusa hifadhi?

Kusini tuna mfano wa kujivunia. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unavunwa kwa uangalifu, kupitia shirika la kuhifadhi mpingo, MCDI, na vijiji vingine vikafuata. Kijiji kinatenga msitu, kinaunda kamati ya maliasili, kinapima mipaka, kinahesabu miti kwa jinsi na ukubwa, kinaandika mpango wa usimamizi unaosema miti mingapi ya kila jinsi ivunwe kwa mwaka, kinatunga sheria ndogo, kinapitisha mkutanoni na wilayani. Mapato hubaki kijijini kwa kadiri ya makubaliano na halmashauri.

Mti upimwe unene wake urefu wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na uwekwe alama kabla msumeno haujafika. Gogo ligongwe nyundo ya kutia alama, kisiki nacho kigongwe. Gari liwe na hati ya kusafirishia. Kosa linalorudiwa ni kijiji kuuza kwa mnunuzi mmoja aliyekuja kwanza, bila kutangaza, na kumruhusu achague vinono vyote. Kosa lingine ni kupasua kwa msumeno wa mnyororo, unaogeuza sehemu kubwa ya mninga kuwa vumbi.

Mpingo uchukuliwe kwa uangalifu wa pekee. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, magogo mengi yana uozo au tundu ndani, na kinachofaa kwa ala za muziki kama zumari za Ulaya ni sehemu ndogo ya gogo. Tangu 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Wachonga vinyago wa Mtwara wanautegemea pia. Kuvuna mpingo kwa pupa hifadhini kungemaliza kwa muongo mmoja kilichokua kwa vizazi vitatu.

Kwa hiyo adui mkubwa wa misitu yetu ni ng'ombe au ni msumeno?

Kwa sehemu kubwa ya Lindi, ni jembe. Kilimo cha ufuta cha kuhamahama hufyeka msitu, huvuna misimu michache, huhamia kipande kingine. Mjadala wa hifadhi ukilikalia kimya hili, unamwonea mfugaji.

Tembo wakila shamba, nifanye nini?

Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kijiji, naye kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Usilime upya wala kuvuna mabaki kabla ofisa hajapima. Piga picha nyayo na mashina. Kifuta jasho, yaani fedha ambayo serikali humpa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, hukokotolewa kwa ekari, kina ukomo wa ekari, na huzingatia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Aliyelima ukingoni kabisa anaweza kukosa. Fedha huchelewa na hazilingani na hasara, na hilo ni lalamiko la haki ambalo linapaswa kufika bungeni kabla ya hoja ya kufungua pori.

Mikoko ya Msimbati na Kilwa nayo ipo kwenye mjadala huu?

Ndiyo, kwa upande wa miti. Mikoko yote ni msitu wa hifadhi wa serikali; kukata nguzo au kuni bila kibali cha TFS ni kosa hata nje ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi.

Ng'ombe wangu wamekamatwa ndani ya hifadhi. Nina haki gani?

Unayo haki ya kujua wamekamatiwa wapi. Omba vipimo vya GPS vya mahali hapo viandikwe kwenye hati ya ukamataji, pamoja na idadi, rangi na alama za ng'ombe, na usaini ukiwa umesoma. Mkihitilafiana juu ya mpaka, vipimo hivyo ndivyo vitakavyoamua. Ukikubali kulipa faini bila kwenda mahakamani, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe si kwa fedha taslimu mkononi, na utunze risiti. Ukikataa kosa, kesi iende mahakamani. Mifugo haiwezi kutaifishwa bila amri ya mahakama. Ng'ombe wakiwa wameshikiliwa, uliza kwa maandishi nani anawanywesha na kuwalisha. Wengi hufa wakiwa zizini kama kielelezo, na asiyeuliza mapema hupata shida kudai baadaye.

Maoni yetu tuyapeleke wapi ili yasipotee?

Yaanzie mkutano mkuu wa kijiji, yaandikwe kwenye muhtasari wenye mahudhurio, idadi ya waliokubali na waliokataa kwa kila swali, na muhuri wa kijiji. Nakala iende kamati ya maendeleo ya kata, kwa diwani, kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mbunge, na kwa mhifadhi wa eneo husika. Muswada wa sheria unapofika kwenye kamati ya Bunge, wananchi hualikwa kutoa maoni. Andikeni mapema, hata ukurasa mmoja, mkiambatanisha ramani ya mpango wenu wa ardhi na matokeo ya kaya zile 86. Barua yenye ramani, idadi ya mifugo na hesabu ya maji inajadiliwa tofauti na barua inayosema tu kwamba wananchi wanalalamika.